Makapi

Kipindi chetu kinaitwa Mdomo Hauna Luku.
Tunarekodi Jumanne usiku, Tabata Kimanga,
chumba cha nyuma cha fundi Shekigenda,
katikati ya majora ya vitenge na suti ya bwana harusi
ambaye tangu Machi hajaja kuichukua.
Vitenge vinameza mwangwi.
Suti imening'inia wima, inatusikiliza, haicheki.
Tumeipa cheo: msikilizaji namba moja.

Mwamvua hufungua: "Habari zenu, wenye madeni!"
Tumsifu hudakia kabla hajamaliza.
Kidawa huja amechelewa, anahema,
ana sambusa mbili kwenye gazeti na hagawi,
na wasikilizaji wote wanajua kwamba hagawi.
Mimi sisemi. Mimi nakata sauti.
Jina langu Dismas; kila wiki wananitaja Desimali.

Leo ni kamati za harusi.
Tumsifu kaingizwa kundi la michango
la mtu aliyekaa naye foleni benki dakika kumi na mbili.
Singo elfu sabini, dabo laki.
"Nitakwenda dabo na njaa yangu," anasema,
"ndiyo tuliyodumu."
Mwamvua anauliza kama njaa itashona sare.
Kisha yule msanii aliyejipiga picha na gari lake jipya,
kioo cha nyuma kina namba ya simu ya wakodishaji.
"Nimeipiga," anasema Kidawa. "Kapokea mkewe."

Usiku nakata.
Nakata jogoo wa jirani asiyejua saa,
nakata muuza dawa ya kunguni na kipaza chake,
nakata chafya, nakata "yaani" sitini na tatu,
nakata utani mmoja kuhusu mtu mmoja,
maana tuna mama zetu na bado wanatuhitaji.
Kinabaki kipindi cha dakika arobaini,
cheupe, mchele wa kutoka kwenye ungo.

Ila makapi siyatupi. Nimeyafungulia faili.

Mle ndani Mwamvua anapokea simu:
"Shikamoo baba. Ndiyo baba. Bado nawasubiri waniite, baba."
Sauti ndogo, ya mtoto aliyevunja kikombe.
Mle ndani mtu anauliza, "Umekula?"
mwingine anajibu, "Nimekula,"
halafu kimya,
halafu gazeti la sambusa linachakacha.
Mle ndani naitwa Dismas.

Sasa Jumanne iliyopita,
Mwamvua akiwa anaihoji suti
("Bwana harusi, mke kakimbia au umemkopa?")
mlango ukagongwa.
Kijana mrefu, kandambili, risiti imekunjwa mara nne.
Akasema: "Hiyo ni yangu."

Mdomo usio na luku ukakatika umeme.
Nimezihesabu kwenye kompyuta: sekunde nne na nukta saba.
Tumsifu akatazama dari. Kidawa akaacha kutafuna.

"Nawasikilizaga," akasema yule kijana,
"naosha magari pale Bima, nawaweka sikioni.
Ndoa haipo tena. Nilitaka niiuze,
ila nyie mmeishaizoea."
Akakaa juu ya jora la kitenge bila kukaribishwa.
"Endeleeni. Halafu mnanisema kwa upole mno,
hata yeye alinisema vizuri kuliko hivyo."

Kidawa alikoroma ndiyo akacheka,
na kicheko kikaangusha mkasi wa fundi,
na kijana akapewa sambusa nzima,
mbele ya maikrofoni, ushahidi upo.

Sasa ni saa nane usiku. Kesho kipindi kinatoka.
Kicheko nimekiacha. Mkasi nimeuacha.
Jogoo nimemkata kama kawaida.
Zimebaki zile sekunde nne na nukta saba,
nazivuta huku, nazirudisha kule,
sijui niziweke upande gani.